Figa la Tatu

Kisiwa cha Nsengo kiliwasili Tunduma asubuhi ya Jumanne, mwezi wa Rajabu ukielekea ukingoni, wakati Bi Mwanaisha akikoroga uji nyuma ya nyumba. Uji ulikuwa wa ulezi, na moto ulikuwa hafifu kwa sababu kuni zilikuwa na umande. Aliposikia maji yakigonga ukuta wa bafu, alidhani bomba la jirani limepasuka tena. Akainua macho. Kiwanja cha maegesho, ambacho jana yake kilikuwa na vumbi, madoa ya dizeli na semitrela za shaba, sasa kilikuwa na kisiwa, na kisiwa kilikuwa kimezungukwa na utepe wa maji ya ziwa wenye upana wa kutosha mtumbwi kupita na kugeuka. Malori yalikuwa yamesogezwa kando kwa upole, kama mtu asogezavyo viatu vya wenzake mlangoni mwa msikiti. Heroe watatu, wale ndege wa ziwani, walisimama kwa mguu mmoja mmoja ubavuni mwa gari la mafuta.

Bi Mwanaisha aliendelea kukoroga mpaka uji ukaiva, maana uji wa ulezi ukiachwa hushika chini. Kisha akaepua, akafunika, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kusimama ukingoni.

"Umechelewa," akakiambia kisiwa. "Nilikutarajia tangu Jumapili."

Habari za safari ile alikuwa nazo. Mwanawe Aziz, dereva wa lori, alikuwa akipigiwa simu na madereva wenziwe kila kisiwa kilipofika pahala. Kilitoka Ziwa Rukwa masika yalipokwisha, kikapita Kamsamba kando ya mashamba ya mpunga bila kukanyaga hata jaruba moja. Kisiwa ni kitu kizito, hakina haraka. Kukwea kwenda Mbozi kulikichukua miezi. Iyula kilipita alfajiri, kikaacha majani ya kahawa yamelowa na samaki wadogo ndani ya matuta ya mahindi, nao wenyeji wakawaokota, wakawakaanga, wakamshukuru Mungu. Kilipofika Vwawa kilishika barabara kuu, upande wa kushoto, nacho hakikumpita mtu.

Sababu ya kuja kwake Bi Mwanaisha aliijua vilevile, na sababu hiyo ilikuwa imekaa chini ya sufuria yake.

Nsengo kilikuwa kwake kwa miaka mingi kuliko umri wa Aziz. Aliingia huko akiwa bibi harusi, akaolewa na Maalim Abdulrahim, ambaye babu yake alitoka Ujiji kufuata chumvi na samaki, akasahau kurudi. Maalim alisomesha watoto wa wavuvi asubuhi, jioni akishona nyavu. Kisiwa kilikuwa chembamba mithili ya jani la muhindi. Ukisimama katikati ukapiga chafya, heroe wa pande zote mbili wanaruka. Wembamba huo ndio uliowaponza wenyeji. Siku moja alikuja Bwana Kefa, ofisa wa vipimo, mtu mpole mwenye futikamba ya manjano, akapima huku na huku, akaeleza kwamba hairuhusiwi mtu kufanya makazi ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji, na kwamba Nsengo hapakuwa na mahali palipozidi mita sitini. Watu wakahamishwa. Msimu uliofuata kisiwa kikapewa kampuni ya utalii, nayo ikajenga hoteli ya mahema kutoka ncha hadi ncha. Bi Mwanaisha alipokwenda kuuliza, alijibiwa kwa adabu kwamba hema si makazi, kwa kuwa alalaye ndani yake ana kwao.

Sasa, watu wa kisiwa kile walikuwa na desturi, tena ya kale, ambayo Bi Mwanaisha aliikuta huko wala hakuja nayo. Mtu akihama nyumba huchukua mafiga mawili ya jiko lake, na la tatu huliacha ndani ya majivu, ili ardhi ijue kwamba imeagwa. Maalim Abdulrahim aliitazama desturi hiyo kwa jicho la elimu, akasema haina ubaya: si ibada, ni adabu tu. Siku ya kuhama, Bi Mwanaisha aliyafunga mawili ndani ya gunia, la tatu akaliacha mahali pake, akaliaga, akashuka ufukweni. Lakini Aziz ni mtu wa mizigo. Tangu ujana wake amefundishwa kwamba mzigo haushushwi pungufu. Alipolipapasa gunia na kukuta mawe mawili, alirudi mbio peke yake, akalitoa la tatu majivuni, akalitia pamoja na wenziwe, akafunga kamba, akajisifu kimoyomoyo kwamba mama hakusahau kitu. Mama hakujua mpaka walipokuwa Tunduma, alipolifungua gunia ili apike futari.

"Aziz," alisema wakati ule, "umeyatia yote?"

"Yote, mama. Mafiga mawili yanapika nini?"

Bi Mwanaisha hakumgombeza. Alifahamu tu kwamba ardhi haikuagwa, na kitu kisichoagwa humfuata mwenyewe.

Kisiwa kilikuja na kila kilichokuwa juu yake. Mahema yalikuja, na wageni ndani yake; walipoamka waliambiwa kwamba mandhari yamebadilika tena, na mmoja wao akauliza kama badiliko hilo limo katika gharama aliyolipa. Limo, akaambiwa, naye akaenda kunywa chai. Bango lilikuja pia, la mbao nyekundu, limeandikwa BURUDANI ZA NJE, MASIKA NA KIANGAZI. Na burudani zilikuwepo kweli. Kampuni ile haikusema uongo katika hilo. Kiangazi, pepo zikivuma, wageni walirusha tiara na kuendesha baiskeli mchangani. Masika walipiga makasia katikati ya matete, wamevaa maboya ya rangi ya chungwa, wakiwahesabu mwari na korongo. Kipupwe waliota moto, wakafanya matembezi ya asubuhi hadi ncha ya kaskazini, ambayo haikuwa mbali, wakarudi, wakapongezwa. Mamba nao walikuja. Walijilaza ukingoni upande wa barabara, na madereva wakawapa nafasi kama wanavyompa nafasi mtu mzima yeyote.

Kilichokuja zaidi ya hayo, na ambacho Bi Mwanaisha alikitafuta kwa macho kabla ya kingine chochote, kilikuwa kaburi la mumewe.

Lilikuwa upande uelekeao jiko lake, ng'ambo ya maji na ua wa waya. Maalim alifariki mwaka mmoja kabla ya kuhamishwa. Wavuvi walimwekea jiwe la shahidi, alama ya kaburi, upande wa kichwani, refu kimo cha mtu, ili lionekane kutoka majini. Yeye mwenyewe asingekubali, lakini alikuwa amekwisha kufa, hakuweza kuwakataza. Kampuni ilipotengeneza uwanja wa mpira wa wavu ilisimika nguzo moja ya chuma, na badala ya nguzo ya pili ikatumia jiwe lile lililokuwa limesimama tayari. Kamba ya wavu ilizungushwa shingoni mwa shahidi mara kadhaa, ikafungwa kwa fundo la kibaharia. Kila mpira uliotoka nje uliangukia kwa Maalim Abdulrahim.

Bi Mwanaisha alikuwa ameiona kamba hiyo mara moja tu, kwa mbali, alipokwenda ziwani kuomba aingie. Alirudishwa getini. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja duniani, na haja hiyo haikuwa kubwa: Shaaban ikiingia, kabla ya mwezi wa kufunga, aende kuzuru kaburi la mumewe kama ilivyo ada, ang'oe magugu, amwage maji, asome kisomo chake, na aifungue kamba.

"Mama Aziz!" Jirani yake Judith, muuza chapati na supu ya utumbo, alikuwa amefika ukingoni na mwiko mkononi. "Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Nilidhani kikubwa."

"Kikubwa kwa nani? Watu walizaliwa humo wakazeekea humo, wewe ukazaliwa wapi? Kwenye uwanja wa ndege?"

Judith akacheka mpaka mwiko ukamtoka. Kisha akawatazama wageni waliokuwa wakinyoosha viungo mchangani, wameinua mikono juu kama watu wanaokamatwa. "Hawa wanakula chapati?"

"Wanakula. Ila usiwatilie pilipili."

Dereva mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa na siku kadhaa foleni, aliteremka kwenye lori lake akijikuna tumbo. "Mwapoleni, bamayo," akamsalimu Bi Mwanaisha. "Na hiki nacho kiko foleni?"

"Hiki kimefika, mwanangu. Hakiendi kokote."

"Basi kina bahati," akasema dereva, akarudi kulala.

Adhuhuri ya siku ile Bi Mwanaisha aliwasha udi, akavaa baibui lake la kwendea ugenini, akazunguka mpaka kwenye daraja la mbao na geti. Mlinzi alikuwa Jonasi, kijana mrefu wa Ibaba, ambaye tangu kule milimani alifundishwa na baba yake, Mzee Ambwene, kumwamkia mtu mzima akiwa amevua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Sema sikuwaambia kama nimehamia huku. Mwenyewe nimejua leo."

"Nifungulie nimzuru mume wangu."

Jonasi akaigeuza kofia mikononi. "Mama, ningekuwa mimi ningekufungulia jana. Lakini asiye mgeni haruhusiwi kupita. Na mgeni haruhusiwi kuingia uwanjani bila viatu vya michezo."

Bi Mwanaisha alivitazama viatu vyake vya ngozi. "Maalim hakuwahi kuniona na viatu vya michezo," akasema. "Atashtuka." Naye akarudi nyumbani, wala hakuwa na unyonge. Aziz, aliyekuwa barazani, alimwonyesha kwamba ua ule ni mfupi, na yeye ana ngazi ndani ya lori.

"Mtu haingii kwake kwa kuruka ua," akasema mama yake. "Watakuja wenyewe. Wana shida na mimi kuliko mimi na wao."

Alisema kweli. Siku ya tatu alikuja meneja wa hoteli, Diana, mwanamke mchangamfu mwenye miwani ya jua juu ya nywele. Alikaribishwa mkekani, akaletewa chai ya tangawizi, akaulizwa hali ya safari, akasema ilikuwa nzuri ila kona za Mbozi ziliangusha glasi. Alikuwa amekwisha kuulizia mjini, na habari za mafiga alikuwa nazo. Aliyatazama yale mawe matatu meusi chini ya sufuria kama atazamavyo mtu injini iliyoshindikana.

"Mama, ninakuomba jiwe moja tu," akasema. "Tulirudishe pale kwenye majivu, kisiwa kirudi ziwani. Wewe tutakununulia jiko la gesi."

"Jiko la gesi ninalo. Limo uvunguni, mwanangu alileta. Uji wake hauna ladha." Bi Mwanaisha alimwongezea chai. "Jiwe nitakupa, tena bure. Lakini kwanza niingie kwa mlango. Niifungue kamba yenu shingoni mwa mume wangu, nisome, nimwage maji. Nikitoka utanikuta nimelishika mkononi."

Diana alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na chai ilikuwa nzuri. "Kusoma kunawezekana, mama, tukikutafutia saa ambayo wageni wamelala. Ila kamba... ile kamba ndiyo uwanja wenyewe. Tukiifungua, wavu unaanguka. Na mpira wa wavu ni kwa mwaka mzima, masika na kiangazi; ndiyo ahadi yetu kwa wateja."

"Na mimi nilikuwa na ahadi na yeye."

"Nitapeleka ombi lako juu," akasema Diana. Akashukuru kwa chai, akaondoka.

Huenda ombi lilipelekwa. Lakini kabla halijajibiwa, biashara ilimjibu Diana. Foleni ya Tunduma ni ndefu, inafika Mpemba na kupita, na ndani yake mna watu wasio na la kufanya isipokuwa kusubiri mihuri. Madereva walianza kulipia na kuingia kisiwani kupiga makasia. Mawakala wa forodha walileta wake zao kurusha tiara. Wafanyabiashara waliotoka Lusaka na waliotoka Dar es Salaam walipanga timu mbili, wakacheza mpira wa wavu tangu asubuhi hadi magharibi, na kelele za kushangilia zikasikika mpaka ng'ambo ya mpaka. Kampuni ikachapisha vipeperushi vipya: ziwa limekusogelea. Judith akaajiri wasichana wawili wa kusukuma chapati. Diana alipopita tena mbele ya nyumba alimpungia Bi Mwanaisha mkono kwa mahaba, wala hakuuliza habari za jiwe.

Jonasi alijaribu. Mchana mmoja, wageni wakiwa mezani, alikwenda kwenye shahidi akalifungua fundo, akaikunja kamba vizuri akaiweka chini. Bi Mwanaisha aliyaona yote kutoka jikoni, naye alimwombea dua kwa jina lake na la baba yake. Baada ya chakula waalimu wa michezo walikuta wavu umelala mchangani, wakafunga kamba upya, wakazidisha mizunguko.

Shaaban iliingia. Ijumaa ya kwanza, baada ya swala, Bi Mwanaisha alitandika mkeka ukingoni, upande wake wa maji, akawaelekea mumewe na kibla kwa pamoja, kwani kisiwa kilikuwa kimejiweka hivyo, kwa adabu. Akasoma kisomo chake chote kwa sauti ya wastani. Mpira ulianguka kaburini mara nyingi. Kila ulipoanguka alinyamaza, akasubiri mchezaji aje auchukue, kisha akaendelea palepale alipoachia. Mchezaji mmoja, msichana mwenye kofia, alimwona akasema, "Samahani, bibi."

"Si mimi, mwanangu," akajibu. "Mwambie yeye."

Msichana akaligeukia jiwe, akasema samahani, akaenda kupiga mpira.

Wiki iliyofuata alikuja Bwana Kefa.

Alikuja na futikamba yake ya manjano, akabisha hodi kama mtu mwungwana, akakaribishwa mkeka uleule na chai ileile. Aliulizia afya za wote. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akashikilia ncha moja ya futikamba kwenye ukingo wa maji, na Aziz, ambaye hawezi kuona mtu akishindana na kazi, akamshikia ncha ya pili. Kutoka majini hadi ukuta wa jiko palikuwa na hatua chache tu. Bwana Kefa alipima mara mbili ili asimdhulumu mtu.

"Mama yangu," akasema, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, "unaniona nilivyo. Mimi siyapendi haya. Lakini maji ni maji, na mita sitini ni mita sitini. Nyumba hii sasa iko ndani ya ukingo wa ziwa."

"Maji yamenifuata mimi, Kefa. Mimi sikuyafuata."

"Sheria haiulizi nani kamfuata mwenziwe, mama."

"Na Judith?"

"Judith ana kibanda. Kibanda si makazi."

Bi Mwanaisha aliwatazama heroe. Kisha akacheka, cheko fupi la mtu aliyeona mwisho wa shairi kabla msomaji hajaufikia. "Maliza chai yako," akasema. "Itapoa."

Habari zilipofika getini, Jonasi alitumwa na moyo wake mwenyewe, akaja mpaka barazani. Akavua kofia. "Mama, kwetu Ibaba kuna mahali. Nimempigia simu baba, Mzee Ambwene. Anasema uje, atakugawia kiwanja mgongoni mwa kilima, karibu na shamba la viazi. Hakuna ziwa huko, mama. Hakuna hata bwawa. Hapo hawakupimi."

"Kuna baridi?"

"Baridi iko, mama. Asubuhi mtu anaona pumzi yake."

"Vizuri," akasema Bi Mwanaisha. "Waambie wageni wako watafute masweta."

Jonasi alisimama akifikiri, kisha uso wake ukaanza kufunguka kama mlango. Alikuwa hajaonana na mama yake tangu mwaka jana, na sasa alitambua kwamba angefika nyumbani bila kuomba ruhusa, akiwa zamuni, na geti lake mkononi.

Siku ya kuhama Aziz alileta lori mpaka mlangoni. Vitu havikuwa vingi: kitanda, makabati, mikeka, kuku wakiwa ndani ya tenga, jiko la gesi ambalo halijawashwa. Judith alikuja kuaga, akalia, akacheka, akauliza kama Ibaba watu wanakula chapati, kisha akapandisha jiko lake la mkaa nyuma ya lori bila kusubiri jibu. Aziz alibakiza mafiga mwisho. Yalikuwa yamepoa. Akachukua la kwanza na la pili, akayatia guniani. Kisha akasimama mbele ya la tatu, na mikono yake ikabaki imening'inia, maana safari hii alikuwa ameijua desturi.

"Mama," akasema, "hili tunaliacha, Jonasi alirudishe kwenye majivu yake kule kisiwani. Si ndivyo inavyotakiwa? Tukiliacha, ardhi imeagwa. Kisiwa kitarudi kwao, na wewe utapumzika."

Bi Mwanaisha alikuwa akivaa viatu vyake vya ngozi, amekaa juu ya kizingiti. Aliufunga ukanda wa kiatu cha kushoto, akaufunga wa kulia.

"Nani amekwambia nimeaga?" akasema. "Tia yote matatu."

Aziz akalitia la tatu. Akafunga gunia, akalipapasa, akaridhika.

Lori liliondoka asubuhi, likazunguka foleni kwa upande wa vumbi, likashika njia ya kuelekea Ileje, kwenye milima ya Ibaba. Bwana Kefa, ambaye kazi ilikuwa haijamwisha, aliingia ndani ya gari lake dogo akawafuata kwa mbali, futikamba ikiwa juu ya kiti cha pembeni. Nyuma yao kisiwa kilijinyanyua polepole, kikayakusanya maji yake kama mwanamke akusanyavyo pindo la kanga, kikaingia barabarani upande wa kushoto. Mamba walipanda bila kuambiwa. Diana alisimama chini ya bango akiwa na simu sikioni, akiagiza vipeperushi vya burudani za milimani.

Bi Mwanaisha alitazama kioo cha pembeni. Aliona geti, na Jonasi amevaa kofia yake sawasawa. Aliona mahema na wageni wakinywa chai. Aliona uwanja, na timu mbili ambazo zilikuwa zimefikia pointi muhimu, hazikuwa tayari kusimama kwa ajili ya safari. Lori lilipokata kona ya kwanza kisiwa nacho kikakata, na wavu ukavutika, na kamba ikakaza shingoni mwa shahidi, isifunguke.

"Twende taratibu, Aziz," akasema. "Baba yako yuko nyuma."